Toby wa akina Waller: Kumtafuta Babu wa Karne ya Kumi na Nane katika Daftari za Marekani

Waswahili husema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Kwa Wamarekani Weusi methali hii imepinduka: mababu zao hawakuiacha asili, walinyang'anywa, na kalamu ya karani ilichangia katika unyang'anyi huo. Makala haya yanaeleza jinsi mtu wa karne ya kumi na nane anavyotafutwa katika daftari za kikoloni na za hesabu za watu, na jinsi mapokeo ya mdomo yanavyoweza kuisaidia kazi hiyo ama kuipotosha. Mfano utakaotumiwa ni wa Alex Haley, ambaye kitabu chake, Roots, kilichapishwa mwaka 1976.

Kanuni ya kwanza ni kwamba nasaba hufuatwa kwa kurudi nyuma, kizazi baada ya kizazi, kutoka kwa anayejulikana hadi kwa asiyejulikana. Anayeanza na babu anayemtamani hukosi kupata njia ya kushuka hadi kwake mwenyewe. Haley alianza vyema. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1870, ya kwanza kufanywa baada ya utumwa kukomeshwa nchini kote, alimkuta Tom Murray, mhunzi wa wilaya ya Alamance katika North Carolina, pamoja na mkewe Irene. Huyo alikuwa baba wa nyanya yake. Majina aliyokuwa akiyasikia utotoni huko Henning, Tennessee, yalikuwa mbele yake kwa mwandiko wa karani wa serikali.

Nyuma ya mwaka 1870 njia huwa nyembamba. Hesabu ya kwanza ya taifa hilo, ya mwaka 1790, ilitaja jina la mkuu wa kaya tu. Waliosalia walijumlishwa kwa tarakimu katika safu tano, na safu ya mwisho ilikuwa ya watumwa. Mwaka 1850 kila mtu huru aliandikwa jina lake, lakini watumwa waliwekwa katika orodha ya peke yao, chini ya jina la bwana wao, kwa umri, jinsia na rangi. Mwaka 1860 utaratibu ulikuwa uo huo. Mtafiti basi hulazimika kumwacha mtumwa na kumfuata bwana: katika hati za kuhamisha mali, wasia, orodha za mali ya marehemu na daftari za kodi. Katika koloni la Virginia, kodi ya vichwa ilihesabiwa kwa wafanya kazi wa miaka 16 na zaidi, na baadhi ya orodha hizo huwataja watumwa kwa majina. Jina lilihifadhiwa kwa sababu mwenye jina alihesabiwa kuwa mali.

Yafaa izingatiwe pia jina lenyewe lilivyo. Mara nyingi ni moja tu, halina la baba wala la ukoo, na limetolewa na bwana. Akina Toby, Tom na George walikuwa wengi mashambani. Kwa hiyo jina peke yake halimtambulishi mtu. Sharti jina, bwana, mahali na tarehe vikubaliane.

Jamaa za Haley walikuwa na hazina nyingine. Walisimulia habari za Mwafrika aliyejiita "Kin-tay", ambaye mabwana walimwita Toby. Gitaa aliliita "ko", na mto uliokuwa karibu aliuita "Kamby Bolongo". Jan Vansina, mtaalamu wa mapokeo ya mdomo, aliposimuliwa maneno hayo aliyahusisha na Kimandinka: bolongo ni mto, na Kamby Bolongo ni Mto Gambia. Ushahidi huu una uzito. Sauti hizo zilipokezanwa na watu wasiojua tena maana yake, tena wasiokuwa na sababu ya kuzibuni. Hata hivyo, zinachothibitisha ni lugha. Zinaelekeza kwenye jamii na eneo. Hazimtaji mtu fulani, merikebu fulani, wala mwaka fulani. Na Kinte ni jina la ukoo, lenye watu wengi.

Hapo ndipo hatua ilipopotea. Katika kijiji cha Juffure, Gambia, mzee Kebba Fofana alimsimulia Haley habari za Kunta Kinte aliyetoweka zamani. Haley akatafuta merikebu iliyolingana na masimulizi, akaipata Lord Ligonier, iliyotoka Gambia na kutia nanga Annapolis tarehe 29 Septemba 1767. Kisha akapata hati ya tarehe 5 Septemba 1768, ambayo kwayo John Waller alimkabidhi nduguye William shamba pamoja na mtumwa aitwaye Toby. Tarehe zilioana vizuri mno.

Mwaka 1981 Gary Mills na Elizabeth Shown Mills walionyesha kwamba Toby wa akina Waller alikuwa ameandikwa katika hati kabla merikebu hiyo haijafika. Mwaka huo huo Donald Wright alieleza kwamba Fofana hakuwa amefunzwa kazi ya kuhifadhi nasaba, na kwamba alikuwa amekwisha kujua mgeni anatafuta nini.

Wako waliochukua hayo kuwa hoja ya kuyatupa mapokeo yote. Hilo ni kosa. Tom Murray wa mwaka 1870 yungali mahali pake, na "Kamby Bolongo" ungali ushahidi wa lugha. Kilichokatika ni kiungo kati ya neno na karatasi. Lau hati zote za akina Waller zingalisomwa kabla ya kuitafuta merikebu, hitilafu ingalionekana mapema.

Kwa mwanaisimu, wajibu ni kuyakusanya maneno ya namna hiyo kwa matamshi yake, pamoja na jina la msemaji na tarehe, bila ya kuyaongezea yasiyosema. Pale nasaba inapokatika, paandikwe kuwa pamekatika. Toby wa akina Waller alikuwa mtu halisi, mwenye mama na lugha yake. Aliwahi kupewa jina lisilo lake mara moja. Akibebeshwa na nasaba ya mwingine, atakuwa amepotezwa mara ya pili, na yule aliyesema "Kamby Bolongo" hatatafutwa tena.