Uvimbe Chini, Ufa Juu

Maji ya bamvua yakipwa, pwani ya Mkokoni, mkabala na kisiwa cha Kiwayu, huacha wazi mwamba wenye vishimo na utelezi. Msaka pweza hupita juu yake ameinama, macho mashimoni. Unyayo ukinasa naye akageuka ghafla, kifundo hupindika na kuvimba. Wenzake watasema ameteguka. Mara nyingi ni kweli, ila pana mvunjiko unaojificha mbali na uvimbe.

Chini ya goti mna mifupa miwili: muundi, unaobeba karibu uzito wote, na fibula, mwembamba, upande wa nje. Ncha za chini za mifupa hiyo miwili ndizo yale macho mawili ya mguu. Huubana mfupa wa juu wa unyayo kama taya za jiliwa ya seremala. Kano na utando mgumu huifunga pamoja.

Unyayo ukikwama mwili ukizunguka, taya hizo hupanuliwa kwa nguvu. Kano hukatika, utando huchanika kwenda juu kama kanga iliyotiwa mkasi, na nguvu ile huishia shingoni mwa fibula, karibu na goti. Hapo mfupa huvunjika. Mpasuaji Mfaransa Jules Germain Maisonneuve aliueleza mvunjiko huu mwaka 1840, na hadi leo unaitwa kwa jina lake.

Kwa kuwa fibula haibebi mzigo mkubwa, majeruhi huweza kuchechemea hadi nyumbani akajiona mzima. Lakini taya zimeachana. Mwaka 1976, watafiti Ramsey na Hamilton walipima na kuona kwamba mfupa ule wa juu wa unyayo ukisogea nje milimita 1 tu, eneo la mgusano hupungua kwa wastani wa asilimia 42. Uzito uleule hukandamiza mahali padogo, na gegedu husagika.

Kanuni za Ottawa za kifundo cha mguu, zilizotolewa Kanada mwaka 1992, humwelekeza tabibu: asiyeweza kupiga hatua 4, au anayeumia akibonyezwa mfupa wa jicho la mguu, apigwe eksirei. Kanuni hizo, hata hivyo, hazifiki gotini. Kwa hiyo kidole kipande juu, kibonyeze fibula yote.

Akiumia huko, asikandwe. Mguu ufungwe gango, na vidole vikiwa baridi au vimekufa ganzi, safari isingoje. Kutoka Mkokoni hadi Lamu mjini ni mwendo mrefu wa mashua. Akifika, aombe picha ya kuanzia goti hadi kifundo, asije akarudishwa nyumbani na ufa wake.