Mabinti Kukaa kwa Mama Mdogo: Nani Maharimu Wao?

Kila shule zinapofungwa, wazazi wa Kerenge na vijiji jirani hutuletea suala hili: je, yafaa mabinti wawili ndugu, waliokwisha baleghe, kwenda kukaa mwezi mzima kwa mama yao mdogo Korogwe au Tanga mjini?

Kwa asili yafaa, na dalili yake ni nzito. Mwaka wa 7 Hijria (629 Miladia), Mtume (s.a.w.) alipokuwa akitoka Makka baada ya Umra ya Kadhaa, binti wa Hamza (r.a.) alimfuata. Baba yake aliuawa shahidi Uhud. Wakamgombea watatu: Ali, Jaafar na Zaid bin Haritha. Mtume akahukumu aende kwa Jaafar, kwa kuwa mkewe alikuwa khala wa mtoto, na khala akamweka katika daraja ya mama. Ameipokea Bukhari.

Wengi huishia hapo. Daraja ile ni ya khala mwenyewe, haimfanyi mumewe kuwa baba. Ni kweli kwamba hawezi kumuoa mpwa wa mkewe maadamu ndoa ipo, lakini katazo hilo ni la muda, na katazo la muda halileti umaharimu. Lugha yetu nayo hutuchanganya: mume wa mama mdogo twamwita "baba mdogo", jina lile lile la ndugu wa baba, ambaye ni maharimu kweli! Basi mabinti wajisitiri mbele yake kama wanavyojisitiri mbele ya mpangaji. Wanawe wa kiume ndio zaidi, kwani wanaoana nao. Mume wa shangazi hukumu yake ni hiyo hiyo.

Utasema: wako wawili, faragha itoke wapi? Imam Nawawi ametaja katika Al-Majmuu kuwa kauli mashuhuri ya Mashafii ni kwamba mwanamume kuwa na wanawake zaidi ya mmoja si khalwa iliyoharamishwa. Sawa. Lakini mmoja akitumwa dukani, mwenzake amebaki na nani?

Kwa hiyo mzazi aulize kabla ya kukata tiketi: nyumba ina vyumba vingapi, nani analala wapi, khala hurudi saa ngapi? Kaka yao aliyebaleghe au mjomba wao awafikishe hadi mlangoni. Na ikiwa khala hutoka alfajiri kwenda sokoni na mumewe hushinda nyumbani, sisi twaona likizo hiyo waende kwa bibi yao.