Urithi Ulindwe na Wenyewe

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maneno hayo yanatujia akilini tunapolitazama jambo linalotendeka Marekani, ambako serikali za makabila ya wenyeji wa asili zimekabidhiwa rasmi kazi ya kuhifadhi mahali pa kale katika ardhi zao.

Sheria ya kuhifadhi mambo ya kale ilitungwa nchini humo mwaka 1966, na chini yake kila jimbo likawa na ofisa wake. Huyo ndiye aliyeshauriana na serikali kuu kabla barabara au bwawa halijapita penye historia. Makabila, ambayo yalijitawala kabla majimbo hayo hayajaundwa, hayakupewa nafasi hiyo. Ikawa mgeni mwenye cheti ana neno kubwa juu ya kaburi kuliko mjukuu wa marehemu.

Mwaka 1992 Bunge liliirekebisha sheria, likaruhusu kabila linalotambuliwa rasmi lichukue kazi za ofisa wa jimbo katika ardhi yake. Mwaka 1996 makabila 12 yalikubaliwa. Leo yamepita 200. Marekebisho hayo yalikiri pia kwamba mahali penye thamani ya dini na mila za kabila panastahili hifadhi. Kilima kisicho na hata jiwe moja lililochongwa chaweza kuwa patakatifu, na wa kulieleza hilo ni wenyewe.

Tunaisifu hatua hiyo, lakini hatutaki kuipamba. Sheria inaamuru mashauriano. Haimpi anayeshauriwa uwezo wa kukataza. Mwaka 2016 kabila la Standing Rock Sioux, lenye ofisi ya namna hiyo, lilikwenda mahakamani kulipinga bomba la mafuta la Dakota Access, likidai kwamba halikushauriwa ipasavyo kuhusu mahali pake patakatifu. Septemba mwaka huo mahakama ilikataa kuisimamisha kazi kwa hoja hiyo, na mwaka 2017 mafuta yakaanza kupita. Tena, kadiri makabila yanavyoongezeka, ndivyo fungu la fedha litokalo serikali kuu linavyogawanywa kwa wengi zaidi.

Nasi wa Afrika Mashariki tunalo la kujifunza. Misitu ya Kaya za Wamijikenda, iliyotiwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, ilitunzwa na wazee kwa miiko yao muda mrefu kabla ofisa yeyote hajafika na daftari lake. Heshima ya wazee wa namna hiyo, popote walipo, isiwe ya kuitwa mkutanoni wakati shauri limekwisha kukatwa. Wapewe madaraka yaliyoandikwa, pamoja na fedha za kuyatimiza. Kumkabidhi mlinzi zamu bila rungu wala taa ni kumwachia lawama tu.