Kitemo kilichoishia kwenye simu

Wamama wapenzi, juma hili mapishi yangoje kidogo. Tuna jambo la nyumbani kwetu la kusema, na mwenye jambo ametupa ruhusa, ila jina lake halitatoka hapa.

Miezi miwili iliyopita tulikutana Makutano kwa kitemo, kama kila mwezi. Tuko kumi na wawili, kila mmoja anatoa dola 10. Zamu ilikuwa ya mama anayeuza unga na makala, na pesa ile ilikuwa minerval ya watoto wake wawili. Mwenye kutuwekea pesa alifungua simu yake, akaandika namba ya siri, akaangalia, akaandika tena. Katika dola 120 zilibaki 7. Kijana wake wa miaka 19 alikuwa amezicheza kwa usiku nne, nyingine kwenye pari za mpira, nyingine kwenye ule mchezo wa ndege.

Kelele ilipanda. Mmoja alisema ni shetani, mwingine alisema apelekwe polisi. Kisha mama mmoja mzee aliuliza taratibu: kati yetu nani hajawahi kumtuma mtoto kabini na simu, pamoja na namba ya siri? Hakuna aliyejibu.

Tulitaka kuelewa mtoto mwenye akili anaingiaje humo, kwa hiyo tulimwita, akatueleza na kalamu mkononi. Chukua mechi sita. Katika kila moja timu unayoichagua ni nzuri kweli, ina nafasi 60 kwa 100 ya kushinda. Kampuni inakulipa mara 1.55 kwa kila mechi, na ukiziunganisha zote sita unalipwa karibu mara 14. Franka 1,000 zinakuwa karibu 14,000! Lakini nafasi ya timu zote sita kushinda pamoja ni moja tu katika 21. Ukicheza mara 21 unatoa franka 21,000, na kwa kawaida utashika 14,000 mara moja. Zile 7,000 zinabaki kwa mwenye duka. Kijana aliijua hesabu hiyo vizuri kutushinda. «Lakini Mazembe pia walifika fainali ya dunia,» alisema. Ni kweli, mwaka 2010 Mazembe walipiga Internacional ya Brazil 2-0 wakaenda kucheza na Inter Milan. Ni kumbukumbu tamu ya mji wetu mzima, na ndiyo hiyo hiyo inayotumika kumla mtoto.

Mchezo wa ndege ni mbaya zaidi. Ndege inapanda kwenye kioo, namba inaongezeka, na wewe unabonyeza kutoa pesa kabla haijapotea. Mara nyingi yote inaisha kwa sekunde chache, na nyingine inaanza papo hapo. Mechi ya mpira inakupa dakika 90 za kupoa kichwa. Hapa hupoi. Ukipoteza dola 2 unataka kuzirudisha, na unazirudisha kwa kuweka 4. Alituambia kwamba usiku wa tatu hakuwa tena anataka kutajirika, alitaka tu kurudisha pesa za wamama kabla ya Jumamosi.

Shirika la Afya Duniani limeweka kamari ya namna hii katika orodha yake ya magonjwa, orodha inayotumika tangu mwaka 2022. Mtu anashindwa kujizuia, kamari inapita chakula na kazi, na anaendelea hata akiona hasara. Hatusemi hivyo ili kumsafisha kijana. Aliiba, na alijua anaiba. Lakini mgonjwa anayeiba anahitaji vitu viwili, kulipa na kutibiwa, na sisi tulikuwa tayari kumpa cha kwanza peke yake.

Na kampuni je? Zinaandika chini kabisa, kwa herufi za chungu, «cheza kwa uangalifu», halafu usiku saa sita zinatuma ujumbe wa zawadi. Nchi nyingine hazikuacha mzigo wote kwa mchezaji. Uganda, kwa sheria ya 2016, inakataza kamari kwa mtu wa chini ya miaka 25. Kenya mwaka 2019 iliagiza namba za malipo ya simu za kampuni 27 zisimamishwe. Sweden tangu 2019 ina daftari moja la taifa: ukijiandikisha humo, kampuni zote zenye leseni zinakufungia mlango. Kwetu, sheria ya 2009 ya ulinzi wa mtoto inasema wazi kwamba mtoto ni kila mtu wa chini ya miaka 18. Lakini simu imeandikwa kwa jina la mama. Mtoto wa miaka 14 akicheza na simu yako, kampuni inamwona mama wa miaka 45. Mlango huo tunaufungua sisi wenyewe.

Mwenye kijana nyumbani asimlipie madeni kwa siri, maana deni lililofutwa kimya linafungua lingine. Andikeni kwa kampuni, pamoja naye, kuomba akaunti ifungwe, na mtunze nakala. Ikiwa halali, hali, anatetemeka kwa hasira, kituo cha Dr Joseph Guislain hapa Lubumbashi kinatibu magonjwa ya akili, na kwenda huko si aibu.

Kwa kitemo tuliamua hivi: pesa inahesabiwa na kutolewa mkononi siku ile ile, hailali kwenye simu ya mtu. Mama wa unga tulimchangia upya, kila mtu dola 10, na watoto walibaki shuleni. Kijana anashusha mizigo sokoni na analeta dola 5 kila Jumamosi. Simu yake sasa ni ile ndogo ya vibonye.

Alileta majuma sita mfululizo. La saba alileta dola 3. Mbili alikuwa amezicheza kwa simu ya rafiki yake, na alimwambia mama yake mwenyewe, asubuhi, kabla yeyote hajamwuliza.