Hesabu Ikikataa, Gawa kwa Tisa Kwanza

Kikundi kinaweza kuvunjika bila hata shilingi moja kuibwa. Daftari linasema hivi, pesa mkononi zinasema vingine, na kabla jua halijatua mweka hazina ameshaitwa mwizi. Ndugu wasomaji, kabla hatujafika huko, tujue siri moja ya nambari kubwa.

Chukua 48,365. Jumlisha tarakimu zake: 4 + 8 + 3 + 6 + 5 = 26, kisha 2 + 6 = 8. Sasa gawa 48,365 kwa 9. Inabaki 8 hiyo hiyo! Kwa nini? Kwa sababu 10 ni 9 na 1. 100 ni 99 na 1. 1,000 ni 999 na 1. Kila kumi, mia au elfu ikitolewa tisa zake huacha moja tu. Kwa hivyo elfu nane huacha 8, na mia tatu huacha 3. Tarakimu zikibadilishana mahali, baki ni lile lile.

Basi tuseme daftari lina Sh. 48,365, lakini pesa zilizohesabiwa ni Sh. 43,865. Zimepungua 4,500! Watu wanaanza kutazamana. Hebu ngojeni kidogo. Gawa 4,500 kwa 9: unapata 500 kamili, hakuna baki. Hiyo ni dalili kwamba huenda tarakimu mbili ziligeuzwa wakati wa kuandika. Ile 5 inatuambia tutafute tarakimu jirani zinazopishana kwa 5, na sifuri mbili zinatupeleka kwenye mamia na maelfu. Ndizo hizo: 8 na 3.

Hata sifuri iliyosahauliwa hujulikana hivyo. Sh. 500 ikiandikwa 50, tofauti ni 450, yaani 9 mara 50.

Lakini tusidanganyane. Mwizi pia anaweza kuchukua 4,500. Tisa haimtakasi mtu wala haimhukumu; inatuonyesha tu pa kutazama kwanza. Kwa hivyo:

1. Tafuteni tofauti, mkaigawe kwa 9.
2. Ikigawanyika, kagueni tarakimu zilizogeuzwa na sifuri zilizopotea, mkilinganisha na risiti.
3. Isipogawanyika, tafuteni malipo ambayo hayakuandikwa, au yaliyoandikwa mara mbili.

Jina la mtu likishachafuliwa mbele ya watu, kulisafisha ni kazi. Tuhesabu kwanza, maneno baadaye.