Unashona taiti ya mazoezi mwenyewe? Soma hii kabla hujakata kitambaa

Umechuchumaa mara moja tu, mshono ukaachia. Tatizo mara nyingi si cherehani. Ukitumia paterni za kununua kushona taiti au nguo za kushindia nyumbani, angalia haya manne:

Saizi. Namba ya paterni si ile ya dukani. Anayevaa 12 anaweza kujikuta 16 kwenye Simplicity au McCall's. Pima kiuno na nyonga, kisha fuata jedwali la kwenye pakiti.

Mvutiko. Baadhi ya pakiti zina mstari wa kupimia. Kunja kitambaa, kivute juu yake. Kisipofika alama bila kulazimisha, kiache dukani.

Nafasi ya mshono. Paterni nyingi za Marekani tayari zina sentimita 1.5. Za jarida la Burda hazina, ongeza mwenyewe, la sivyo nguo itabana.

Mshono. Weka sindano ya vitambaa vya kuvutika, shona zigizaga nyembamba. Ukishona mstari ulionyooka, kitambaa kitavutika lakini uzi utakatika.

Na kama kitambaa kina pamba, kifue kwanza. Bora kirudi kabla hujakikata.