Samaki Gani Wakae Pamoja Katika Bwawa la Nyumbani?

Wengi kati yetu tumechimba bwawa nyuma ya lupango, au tunafikiri kuchimba. Swali linalorudi ni moja: tuweke samaki gani pamoja? Mtu akitupa kila aina ndani bila kuchagua, baada ya miezi minane anatoa samaki wadogo kama kidole, wasiotosha bukari ya siku moja. Feza za masomo ya watoto zimeishia majini.

Kazi hii si ngeni katika Katanga. Tangu miaka ya 1940, kule Kipopo karibu na Lubumbashi, wataalamu walifuga aina mbili za tilapia wa nchi yetu katika bwawa moja. Wa kwanza anaitwa macrochir. Anakula ule ukijani mdogo-mdogo unaoelea majini na kushika chini. Wa pili, rendalli, anakula majani: sombe, matembele, nyasi laini. Hawa wawili hawanyang'anyani chakula. Siri ni hiyo: usiulize tu kama samaki wanapigana, uliza kila mmoja anakula nini.

Adui wa tilapia ni uzazi wake mwenyewe. Akiwa na miezi mitatu au mine tu anaanza kuzaa. Mama macrochir hutunza mayai na watoto kinywani mwake, kwa hiyo wengi wanapona. Bwawa linajaa, chakula kinagawanywa kwa midomo mingi, na hakuna anayenenepa. Hapa ndipo kambale anapoingia. Yeye anakula watoto wa tilapia, na wale wakubwa wanapata nafasi ya kukua.

Lakini kambale ana masharti yake. Tangulieni kuweka tilapia. Wakiisha kukua kidogo, ndipo muweke kambale walio wadogo kuliko wao. Mkianza na kambale wakubwa, watamaliza tilapia wote. Kambale wenyewe wawe wa kimo kimoja, kwa sababu mkubwa humeza mdogo. Tena kambale anapumua hewa ya nje, na usiku wa mvua anaweza kutambaa akatoka. Zungusheni wavu au ukingo wa udongo ulio juu.

Kwa bwawa la metre 10 kwa 10, lenye kina cha karibu metre moja, tilapia 200 na kambale 20 wanatosha kwa mama anayelisha kwa mabaki ya jikoni, majani na pumba za mahindi. Msiongeze kwa tamaa.

Je, tilapia wa Nile, yule anayesifiwa kwa kukua haraka? Ni mzuri, lakini msimchanganye na macrochir. Wanazaana wao kwa wao, na mbegu inaharibika. Chagueni mmoja. Vilevile msichukue samaki wa wavu kutoka Lufira au ziwa la Tshangalele na kuwatupa ndani bila kuwajua. Kati yao wamo wanaokula wenzao.

Hata wanaofuga samaki wa urembo ndani ya kioo hufuata sheria hiyohiyo. Samaki wadogo wa rangi kutoka ziwa Tanganyika wanauzwa mpaka Ulaya. Mmoja wao, Tropheus, hukwangua ukijani juu ya mawe. Akiwekwa na walaji wa nyama na kulishwa chakula chao, tumbo linaweza kumharibikia akafa.

Sasa maji. Sisi wa Likasi tunaishi katikati ya migodi na viwanda vya shaba. Msijaze bwawa kwa maji ya kijito kinachopita chini ya mgodi au kiwanda, hata kama yanaonekana safi. Shaba ikizidi majini inaua samaki, na yule anayebaki hai anaweza kubeba metali mpaka kwenye sahani ya mtoto. Tafuteni chemchemi ya juu, au kisima kilicho mbali na kazi hizo. Maji yakipata ukijani, tumbukizeni mkono: kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, chakula kipo. Kikipotea mapema zaidi, punguzeni mbolea.

Mwisho ni majira. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba inafanya tilapia kula kidogo na kukua polepole. Wekeni watoto wa samaki mwezi wa tisa au wa kumi, joto linapoanza, na mvue mnamo mwezi wa tano, kabla ya baridi.

Mama anayetaka kuanza asinunue peke yake. Tukinunua watoto wa samaki kwa kikundi, tunaweza kuwatazama wote pamoja, kuwatenga kwa aina na kimo, na kila lupango ikapata wanaofaa.